Breka ikijikata: namna ya kukipata kifaa kibovu bila kubahatisha

Breka ikijikata, wengi wetu tunairudisha juu. Ikijikata tena tunairudisha tena, mara ya tatu tunaishikilia kwa kidole, mara ya nne anaitwa fundi. Fundi akifika anakuta kila kitu kinafanya kazi. Anabadilisha breka, analipwa, anaondoka, na wiki ijayo mambo ni yale yale.

Mara nyingi breka ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa inatoa taarifa. Taarifa hiyo iko kwenye muda: imejikata papo hapo au baada ya dakika ngapi, saa ngapi ya siku, kifaa kikiwa hatua gani ya kazi yake, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Chukua karatasi, ibandike karibu na boksi la breka, na waambie wote nyumbani waandike kila inapojikata. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko testa.

Arusha msimu wa shida hii unajulikana. Kuanzia Juni hadi Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, shawa ya moto inafanya kazi bafuni, jagi la umeme jikoni, pasi chumbani, na nje pampu inapandisha maji kwenye simtanki, vyote kwa wakati mmoja. Moshi mjini baridi si kali kiasi hicho, ila walio mlimani, Machame au Kibosho, hawahitaji kusimuliwa. Moshi ina msimu wake mwingine, joto la Januari na Februari, friji na feni zikishinda zinazunguka.

Kwanza, usiyopaswa kuyajaribu

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukikuta soketi imegeuka rangi ya kahawia, boksi la breka likiwa la moto, au ukihisi umeme unakutekenya unapogusa friji au bomba la bafuni, acha kutafuta. Zima meni swichi, iache hivyo, ita fundi. Kutekenywa bafuni ni jambo zito kuliko breka inayojikata mara kumi kwa siku: umeme unavuja na hakuna kinachoukata.

Yote yanayofuata yanafanywa kwa viatu vikavu, mikono mikavu na sakafu kavu. Hakuna hatua hapa inayokutaka ufungue kifuniko cha boksi la breka. Nyaya zinazoingia humo kutoka kwenye luku (mita ya umeme) zina umeme hata meni swichi ikiwa imezimwa, na watu wengi hawalijui hilo mpaka wameshika.

Ni swichi ipi iliyoanguka?

Fungua mlango mdogo wa boksi uangalie. Utaona safu ya breka ndogo, zimeandikwa 10, 16, 20 au 32. Hizo ni ampea. Nyumba nyingine zina swichi moja pana zaidi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ni RCD, na kazi yake ni tofauti kabisa.

Breka ndogo hujikata kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mzigo kuzidi: umeme mwingi unapita, kipande cha chuma ndani yake kinapata joto, kinapinda, kinakata. Hilo huchukua muda. Ya pili ni shoti, yaani laivu (waya unaoleta umeme) imegusana na nyutro (waya unaourudisha) au na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Hapo sumaku ndani ya breka inakata kabla hujapepesa jicho.

RCD haijali mzigo. Yenyewe ni kama karani wa getini anayehesabu wanaotoka na wanaorudi: umeme ulioenda kwa laivu lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua kwa kiasi cha miliampea 30, au hata chini ya hapo kidogo, inajua kwamba mwingine umepita njia isiyo yake, kwenye bati la kifaa, kwenye maji, au mwilini mwa mtu, nayo inakata. Kwa hiyo ikianguka RCD, tafuta uvujaji. Ikianguka breka ndogo, tafuta mzigo au shoti. Zipo pia swichi zinazofanya kazi zote mbili. Hizo zina kitufe cha T na namba ya ampea pamoja, na kwa hizo muda ndio utakaokuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Nyumba nyingi za kupanga hazina RCD. Kama yako haina, uvujaji hautakata chochote, utakutekenya, au hata kukuua. Kama inayo, bonyeza kitufe cha T angalau kila miezi mitatu. Isipoanguka ukibonyeza, imekufa.

Kuna breka ambazo zikijikata hazishuki hadi chini, zinabaki katikati. Ukisukuma juu hazishiki, na mtu anadhani zimeharibika. Ishushe kwanza hadi mwisho, usikie mlio, ndipo uipandishe.

Soma muda

Imejikata papo hapo ulipochomeka plagi, hata kabla ya kuwasha kifaa: angalia plagi na waya wa kifaa, mara nyingi pale waya unapoingilia kwenye plagi au kwenye shingo ya pasi, mahali unapokunjwa kila siku.

Imejikata papo hapo ulipobonyeza swichi ya kifaa: shoti iko ndani, kwenye koili (waya wa kupasha joto), mota au nyaya za ndani.

Imekaa dakika tano, kumi, au nusu saa ndipo ikajikata: mzigo umezidi, au kuna skrubu iliyolegea inayopasha joto. Breka ya ampea 20 haikati ikifika 21. Viwango vya utengenezaji vinairuhusu kubeba karibu 22 kwa saa nzima bila kukata; ikibeba 29 lazima ikate ndani ya saa moja; ikibeba 51, ndani ya dakika moja. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba "jana vilikuwa vyote vinawaka na haikukata." Anasema kweli. Jana hakupiga pasi muda mrefu.

Inajikata kifaa kikifika hatua fulani: friji kila baada ya saa kadhaa, mashine ya kufulia dakika chache baada ya kujaza maji. Hiyo ni taarifa nzuri kuliko zote, kwa sababu inakutajia kipuri chenyewe.

Inajikata usiku wa manane hakuna aliyegusa kitu, au mvua za masika zikianza: usianze na vifaa. Anza na taa za nje, soketi ya barazani na waya wa pampu.

Inajikata umeme unaporudi baada ya kukatika: vifaa vyote vya mota vimeamka kwa pamoja. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa muda mfupi. Umeme ukikatika chomoa friji na pampu, ukirudi subiri dakika tano ndipo uchomeke, kimoja kwanza, kingine baadaye.

Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja

1. Andika ni swichi ipi imeanguka. Ipige picha kwa simu.

2. Chomoa kila kitu kilicho kwenye sakiti hiyo, yaani soketi zote zinazolishwa na swichi iliyoanguka. Nasema chomoa kwa makusudi. Swichi ya soketi mara nyingi hukata laivu peke yake, na nyutro inabaki imeungana na kifaa. Kifaa ambacho nyutro yake imegusa ethi kinaweza kuangusha RCD hata swichi ikiwa imezimwa. Usisahau vilivyofichika: chaja nyuma ya kochi, king'amuzi, pampu iliyo nje, jokofu la stoo.

3. Rudisha breka juu. Ikikaa, kosa liko kwenye mojawapo ya ulivyochomoa. Ikianguka na hakuna kilichochomekwa, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya chini inayohusu nyaya za nyumba.

4. Chomeka kimoja kimoja, ukiwasha kila kimoja na kukiacha kifanye kazi yake kamili. Jagi lichemke hadi lijizime. Pasi ipate moto. Friji lianze kunguruma. Kuchomeka tu na kusema "hiki kizima" ndiko kunakowapoteza wengi.

5. Kifaa kinachoangusha swichi, kipeleke kwenye soketi ya sakiti nyingine. Kikiiangusha na hiyo, kosa ni lake. Kikifanya kazi huko vizuri, rudi uichunguze ile soketi ya kwanza.

6. Kama kila kimoja peke yake ni kizima lakini vikiwa pamoja vinaangusha, breka ndogo inakuambia mzigo umezidi. RCD nayo inakuambia jambo lisilojulikana sana: televisheni, kompyuta, chaja na taa za LED kila kimoja huvujisha umeme kidogo sana kwa asili yake, na vikijumlishwa vinaisogeza RCD ukingoni. Kisha jagi lenye unyevunyevu likiwashwa, inaanguka, na lawama zote zinalishukia jagi.

Hesabu ya ampea

Kila kifaa kina kibandiko chenye wati. Gawa wati kwa 230, unapata ampea. Jagi la wati 2000 ni karibu 8.7. Pasi ya 1200 ni 5.2. Presha kuka ya umeme ya wati 1000 ni 4.3, na raisi kuka ya 700 ni 3. Maikrowevu huwadanganya watu: ile iliyoandikwa 800 mbele inapeleka 800 kwenye chakula, lakini kwenye soketi inavuta zaidi ya 1200. Friji likiwa linazunguka halifiki ampea moja. Televisheni haifiki nusu. Shawa ya moto ya wati 5500 peke yake ni 24.

Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, Sombetini ya Arusha au Pasua ya Moshi, wapangaji wote kwenye luku moja na soketi zote kwenye breka moja ya 20. Asubuhi majagi mawili na pasi moja: 22.6. Breka inavumilia. Anaongezeka mmoja na raisi kuka: 25.6. Inaweza kukaa robo saa, inaweza kukaa saa nzima. Jagi la tatu likiwashwa, imekwenda.

"Mama Neema, umewasha jagi?"

"Nimewasha, kwani imekata tena?"

Hapo hakuna kifaa kibovu, na fundi hana cha kutengeneza. Kuna njia mbili: kupangiana zamu, au mwenye nyumba agawe soketi kwenye sakiti mbili au tatu, kila moja na waya wake na breka yake. Zamu ni bure, na ninaipenda kwa sababu inaweza kuanza kesho. Ila mwenye nyumba anayeongeza vyumba uani kila mwaka bila kugusa boksi la breka anastahili kuambiwa.

Kifaa kwa kifaa

Jagi na pasi havina mengi. Jagi: angalia kitako chake kama kina maji, kikaushe siku nzima juani, jaribu tena. Pasi: waya umechoka shingoni. Vyote viwili fungua plagi uone kama nyuzi za waya zimetoka nje na kugusana. Kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Kwenye nyaya za zamani, nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Na tafadhali, tuache ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Pini hizo hazikai sawasawa, zinacheza, zinapata moto, na soketi inaharibika hata kwa plagi zinazoiendea vizuri.

Shawa ya moto ndiyo inayostahili muda wako. Nyingi zilizoko kwenye mabafu yetu zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Maji ya mvua au ya mlimani yana chumvi kidogo na hayapitishi umeme sana. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi yanapitisha zaidi. Kwa hiyo shawa ile ile inaweza kufanya kazi mwaka mzima nyumba moja na kuiangusha RCD kila siku nyumba nyingine, bila kuwa mbovu. Mafundi wengine wakiona hivyo huihamisha shawa nje ya RCD. Usikubali. Nunua aina ambayo koili yake imefunikwa, na hakikisha waya wa ethi umefungwa kwelikweli hadi kwenye fimbo ya ethi ardhini. Kuna shawa nyingi ambazo waya wake wa kijani umekunjwa tu na kufichwa ukutani.

Kama ni breka ndogo inayokata baada ya dakika saba au nane za kuoga, hesabu kwanza: ampea 24 zinahitaji waya wa milimita za mraba 4 au 6 unaotoka moja kwa moja kwenye boksi, na breka yake peke yake, kwa kawaida ya 32. Shawa iliyounganishwa kwenye waya wa soketi wa 2.5 inaweza kukata kila siku, na heri ikate. Kama waya na breka viko sawa, mshitakiwa ni maungio: konekta ya plastiki juu ya shawa iliyoyeyuka, au skrubu ya breka iliyolegea. Kwa leo weka kitufe kwenye vuguvugu badala ya moto; hapo shawa huvuta umeme mdogo zaidi. Usikate, usiunge na usiguse kitu juu ya shawa mpaka breka yake imezimwa.

Hita ya tenki iliyokaa bila kutumika tangu Septemba ina visa vyake. Koili yake imejazwa unga unaozuia umeme lakini unaovuta unyevu wa hewani kidogo kidogo. Ikiwashwa Juni, RCD inaanguka. Unyevu huo hukaushwa kwa joto la koili yenyewe, lakini kulipata joto hilo bila RCD kukata ni kazi ya fundi mwenye vipimo. Ikianguka hata baada ya kukaushwa, koili imepasuka na inabadilishwa. Oveni inayotumika Krismasi na Pasaka tu ina tabia hiyo hiyo.

Friji likiangusha swichi papo hapo, geuza kirekebishaji cha baridi hadi sifuri ili kompresa isiwake, kisha chomeka. Likikaa kimya salama, kisha likaangusha ukigeuza hadi moja, shida iko kwenye kompresa au kianzishi chake. Likiangusha hata kwenye sifuri, ni waya, taa ya ndani au kirekebishaji chenyewe. Friji lisilogandisha barafu lina hita ndogo inayoyeyusha barafu kila baada ya saa kadhaa, na hita hiyo ikianza kuvuja, RCD itaanguka saa nane usiku, kisha tena asubuhi, wewe ukimshuku panya. Karatasi yako ya muda ndiyo itakayoonyesha nafasi zinazolingana. Na friji lililozimwa na kuwashwa hapo hapo hushindwa kuanza, kwa kuwa gesi bado ina shinikizo upande mmoja. Dakika tano zinatosha.

Pampu ina makosa matatu ya kawaida, na unaweza kuyatofautisha kwa sikio. Ikinguruma bila kuzunguka kisha breka ikakata, ama imekwama ama kapasita, kipuri kinachoisaidia mota kuanza, imekufa. Chomoa, ingiza bisibisi kwenye mfuo wa mhimili upande wa feni, uzungushe. Ukiwa mgumu, imekwama kwa kutu au mchanga, jambo la kawaida kwa pampu iliyokaa miezi tenki likiwa limejaa. Ukizunguka vizuri, mtuhumiwa ni kapasita. Kwa pampu ya nguvu farasi moja mara nyingi ni ya mikrofaradi karibu 20, lakini nunua ile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usizishike ncha zake, kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Kosa la tatu ni maji: tazama chini, pale mwili wa pampu unapokutana na mota. Ukiona matone, sili imekwisha na maji yanaingia kwenye mota. RCD itaanza kuanguka, na usipobadilisha sili, ya bei ndogo, utanunua mota.

Ukiwa mwisho wa laini na taa zinafifia jioni, jua pia kwamba volti zikishuka, mota huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile. Pampu inayokata jioni tu na haikati mchana, ipandishe maji mchana.

Mashine ya kufulia: ifulie kwa maji baridi. Ikimaliza salama, lakini ukiweka nyuzi 60 inaangusha, ni koili ya kupasha maji. Ikiangusha wakati wa kukamua, angalia mota na nyaya zinazotikisika.

Maikrowevu inayokata mlango unapofungwa au kufunguliwa ina swichi mbovu za mlango. Usiifungue. Kapasita iliyo ndani hubeba zaidi ya volti 2000, na inaweza kubaki nazo ikiwa imechomolewa.

Mwisho, vifaa vya wageni. Arusha na Moshi watu wa kujitolea wakimaliza mkataba huuza vitu vyao kwa bei ya kutupa, na ndugu zetu walioko Marekani hutuma zawadi. Soma kibandiko. Jagi la volti 120 lenye wati 1500 likichomekwa kwenye 230 linavuta karibu ampea 24 na kujaribu kutoa wati 5500. Breka ikikata imekuokoa. Kifaa cha kupashia joto cha namna hiyo kinahitaji transfoma kubwa na ya bei, na kwa jagi haifai hata kuifikiria.

Kupima kwa mita

Malti mita ya bei ya chini inatosha. Kifaa kikiwa kimechomolewa na swichi yake imewashwa, weka mita kwenye ohmu, gusa pini mbili za laivu na nyutro. Jagi la wati 2000 litasoma karibu ohmu 26, pasi ya 1200 karibu 44. Likisoma karibu na ohmu sifuri, ni shoti. Lisiposoma kitu, koili imekatika, na koili iliyokatika kwa kawaida haiangushi breka. Kisha gusa pini ya ethi na kila moja ya hizo mbili: mita isisome chochote. Ikisoma namba, umeme unavuja.

Lakini mita hiyo hutumia betri ndogo, na kuna uvujaji unaojitokeza kwenye volti kubwa tu. Ikisema kizima na RCD bado inaanguka, iamini RCD. Fundi ana kipimo kinachoitwa mega, kinachosukuma volti 500. Usomaji chini ya megaohmu 1 kwenye nyaya za nyumba haukubaliki.

Hakuna kilichochomekwa, na bado inaanguka

Zima breka ndogo zote, rudisha RCD, kisha pandisha breka moja moja. Inayoiangusha ndiyo sakiti yenye kosa. RCD ikianguka hata zote zikiwa chini, huenda nyutro imegusa ethi mahali fulani, kwa kuwa breka ndogo nyingi hukata laivu peke yake. Fikiria mahali ambapo pamepigwa msumari wa picha hivi karibuni, dari lenye panya, taa ya geti iliyojaa maji, boksi la maungio barazani. Kutoka hapo ni kazi ya fundi.

Breka kubwa zaidi

Utapendekezewa: "Tuweke ya 32 hapa, haitakusumbua tena." Ni kweli haitakusumbua. Breka ya 20 ipo kwa ajili ya waya wa 2.5 uliomo ukutani. Ukiweka ya 32 kwenye waya huo mmoja unaokwenda soketi kwa soketi, waya utapata moto kabla ya breka, ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao usipopaona. Anayetaka kuongeza breka aongeze waya kwanza.

Fundi akija

Mwambie aonyeshe leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Fundi umeme halali anayo. Mpe ile karatasi ya muda na picha ya swichi iliyoanguka kabla hajafungua chochote, umwambie na ulichokwisha kujaribu. Mwombe akaze skrubu zote za breka, apime kila sakiti kwa mega na akuandikie usomaji, apime na fimbo ya ethi, hasa wakati wa kiangazi ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Akikuambia kosa liko kabla ya luku, asiliguse: hilo ni la TANESCO, shirika la umeme.